Mkeka Umetoka, Jina Lako Halimo

BARUA (imefupishwa)

Kwako Bi Mshauri,

Mimi ni mstaafu wa JWTZ, nimeondoka na cheo cha Meja. Nilipata kamisheni Monduli, nikatumikia Bara na hapa Unguja, zaidi katika ugavi na usafirishaji, na nimekwenda Darfur kulinda amani. Jina langu lilipelekwa mara mbili kupandishwa Luteni Kanali, na mara zote mbili halikurudi. Umri wa cheo ukanikuta, nikastaafu. Mwenzangu wa kozi moja, tuliolala vitanda vya jirani, aliendelea kupanda, na sasa ameteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya hapa hapa kisiwani.

Nimewaandikia wakubwa kuomba nafasi, sijajibiwa. Kila mkeka wa uteuzi ukitoka nausoma kutoka juu hadi chini. Kuna bwana mmoja anasema ana mtu ndani na jina langu litaingia mkeka ujao, ila kuna watu wa kupewa chai: milioni tatu. Mke wangu anasema nimestaafu jeshini lakini nyumbani bado sijaripoti. Harusini siendi tena, nachelea kumkuta mwenzangu amekalishwa mbele na mimi nyuma.

Nishauri. Nimpe huyu bwana pesa? Niandike tena? Niingie siasa? Na nikiandika, niweke “Meja Mstaafu” au niache?

Msomaji wa Kikwajuni


JIBU

Kaka Meja,

Nianze na bwana wa milioni tatu, maana hilo halina mjadala. Usimpe hata nauli ya daladala. Orodha ya uteuzi hupita mikononi mwa watu wachache sana, na mwenye mkono wa kufika hapo hazunguki Darajani kutafuta wastaafu. Wanachofanya hawa ni hesabu nyepesi: wanachukua kwa watu kumi, mkeka unatoka, kwa bahati mmoja kati ya kumi ameula, basi huyo anageuka ushahidi wao kwa miaka mitatu ijayo. Tisa waliobaki wanaambiwa foleni ni ndefu. Nani kati yao atakwenda kushitaki? Ataanza vipi maelezo yake? Na tuseme ana mtu kweli. Basi hiyo ni rushwa, mtoaji na mpokeaji wote wana kesi, na sijui utasimama vipi mbele ya maofisa wa ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa, wewe uliyetia saini za ghala miaka yote hiyo pasipo kupungua hata jerikeni la dizeli. Kiinua mgongo chako kikae kilipo.

Sasa tuje kwenye jeraha lenyewe.

Umeandika “halikurudi” kana kwamba jina lako lilipotea njiani. Halikupotea, kaka’angu. Lilifika, likasomwa, likawekwa pembeni. Unajua kuliko mimi kwamba jeshi limechongoka juu. Makapteni wengi, Mameja pungufu, Maluteni Kanali wachache, na kila cheo kina umri wake wa kuondoka. Ndiyo maana kurukwa jeshini kunauma mara mbili. Karani wa wizara akirukwa, huendelea kukaa kwenye kiti chake mpaka umri wa kustaafu wa watumishi wote. Afisa akirukwa amepoteza cheo, na amepoteza pia miaka ambayo cheo hicho kingemwongezea. Sikuoni mdogo wa moyo kwa kuumia.

Ila katika barua yako ndefu, ambayo hapa nimeikata, umetumia kurasa nzima kumtafuta aliyekukatia jina. Huyu mkuu wa kikosi hakukupenda. Yule alikuwa na mtu wake. Mara ni kwa sababu wewe wa Unguja, mara ni kwa sababu mwenzako ana jamaa. Inawezekana mojawapo ni kweli. Inawezekana pia nafasi zilikuwa tano na majina yalikuwa hamsini. Kumbukumbu za bodi hutazisoma, wala mimi sitazisoma, na hakuna barazani hapo Jaws Corner mtu anayezijua, ingawa kila mnywa kahawa atakuapia kwamba anazijua. Kila asubuhi unafungua tena kesi ambayo shahidi wake hayupo.

Nimefanya kazi katika masjala ya ofisi moja ya serikali kabla sijaanza kujibu barua za watu, na barua za kuomba uteuzi nimezifungulia majalada. Zinafanana. Aya ya kwanza ni salamu na pongezi kwa mkubwa. Ya pili ni miaka ya utumishi. Ya tatu, ambayo mwandishi anadhani ameificha vizuri, inasema: nilidhulumiwa, nifidieni. Na mwisho: nipo tayari kutumikia nafasi yoyote. Basi hapo ndipo barua inapofia. Mkubwa anayeisoma hakukudhulumu yeye, hana deni na wewe. Na “nafasi yoyote” humlazimisha akae akufikirie kazi, wakati mezani kwake wapo watu waliokwisha kusema wanaweza nini.

Uteuzi, kaka Meja, ni khiyari ya mwenye mamlaka. Sheria inampa Rais wa Zanzibar uwezo wa kumteua Mkuu wa Wilaya amtakaye, na uwezo huo huo unamruhusu kumwondoa kwa taarifa ya mistari miwili jioni: uteuzi umetenguliwa. Hakuna anayeudai kama posho ya safari. Najua unawaona majenerali. George Waitara alipostaafu ukuu wa majeshi akaja kuongoza bodi ya TANAPA. Davis Mwamunyange bodi ya DAWASA. Venance Mabeyo bodi ya Ngorongoro. Abdulrahman Shimbo alipelekwa ubalozi China. Lakini hao walikuwa kwenye ncha yenyewe, na wanaofika hapo katika kizazi kizima wanahesabika. Kuwasoma wao ukajipimia wewe ni kujiumiza bure. Mameja wengi wa nchi hii wamestaafu wakalima, wakafundisha, wakasimamia maghala ya watu, na hawakuandikwa gazetini.

Kuna mtu mmoja wa kutazama, lakini si kwa sababu ile wanayomtajia watu. Jakaya Kikwete alikuwa Luteni Kanali. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mwanajeshi alitakiwa kuchagua, jeshi au siasa, naye akachagua siasa na kuvua magwanda. Mwaka 1995 alitaka kuteuliwa na CCM kugombea urais. Duru ya kwanza aliongoza. Duru ya pili Benjamin Mkapa akampita. Barazani watakwambia: umeona, alisubiri miaka kumi akapata mwaka 2005, nawe subiri. Hawasemi lililo gumu. Katika miaka hiyo kumi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya mtu yuleyule aliyemshinda. Aliamka, akaenda kazini, akapeleka mafaili kwa Mkapa na kumwita Mheshimiwa Rais. Hakukaa kusubiri hata siku moja.

Nakuuliza, na unijibu ukiwa peke yako: likitokea leo jambo la kufanya katika wilaya ile ya mwenzako, kazi ya heshima, unayoiweza kuliko mtu yeyote kisiwani, lakini mwenyekiti wa kikao ni yeye na wewe unakaa upande wa wajumbe, utakwenda?

Kama jibu ni hapana, basi tusidanganyane. Hutafuti kazi. Unatafuta kulingana naye. Na hilo hakuna mkeka utakaokupa, kwa sababu hata wakikupa wilaya ya pili, yeye atapewa mkoa.

Hapa petu tuna kumbukumbu za maofisa waliokosa nafasi. Alipouawa Rais wetu, Mzee Karume, pale Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, jina la Kanali Seif Bakari lilitajwa sana kuwa ndiye atakayemrithi. Alikuwa katika ile Kamati ya Watu 14 ya Mapinduzi, alikuwa kiongozi wa vijana wa chama cha ASP, alikuwa na jeshi nyuma yake. Kiti kikaenda kwa Aboud Jumbe, mwalimu. Wanaosimulia husema Nyerere alihofia kwamba mwanajeshi akishika nchi baada ya kiongozi kupigwa risasi, dunia itasema yamefanyika mapinduzi. Yawe yalivyokuwa, kanali hakuwasha moto. Halafu yuko John Okello, aliyejiita Field Marshal kwa kinywa chake mwenyewe katika redio ya Unguja wakati wa Mapinduzi, mwezi Januari 1964. Kufika Machi alikwishakataliwa kurudi visiwani. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga Afrika Mashariki, kuingia na kutoka jela, kuandika kitabu cha kudai nafasi yake katika Mapinduzi hayo, kilichotoka Nairobi mwaka 1967, mpaka akaonekana Uganda kwa Idi Amin mwaka 1971 na hakuonekana tena. Wataalamu wa historia wabishane alifanya nini na hakufanya nini; ubishi huo una wenyewe na ni mkali. Mimi nakutazamisha ile miaka saba tu ya mtu anayezunguka na cheo ambacho hakuna aliyekitambua.

Basi tuizungumze kazi. Umeniandikia kwa urefu habari za aliyekuruka, na kazi yako umeitaja kwa mstari mmoja: ugavi na usafirishaji. Nilipoisoma nikasema, huyu bwana amekalia mali.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilitoka bandari ya Malindi kwenda Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Ikazama mkondo wa Nungwi. Maiti waliletwa viwanja vya Maisara, na sisi watu wa Mjini tulipita tukifunua nyuso. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mambo mengi yalisemwa baadaye, tume zikaundwa, lakini wewe unajua kwamba chombo kama Spice Islander huokolewa gatini kabla ya kung’oa nanga, na mtu mwenye daftari, anayejua uzito wa gunia na idadi ya vichwa, na mwenye ubavu wa kusema hii haitoki. Hiyo ilikuwa kazi yako Darfur. Malori mangapi, maji kiasi gani, nani apande, nani abaki.

Zanzibar inayo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Masika yakikaza, maeneo ya mabondeni yanajaa maji na watu wanahamishiwa skuli. Ziko bandari, Malindi iliyobanwa na ile ya Mangapwani. Uko uwanja wa ndege. Mahoteli ya Nungwi na Paje yana wageni mamia na mara nyingi mkuu wa ulinzi wao ni kijana aliyepewa tochi na filimbi. Hizo ni sehemu zenye kazi. Baadhi ya nafasi hutangazwa na wastaafu huomba kama watu wengine, na ndiyo, utakaa kwenye benchi la usaili na vijana waliomaliza chuo kikuu cha SUZA juzi, na atakayekuhoji huenda ni umri wa mwanao. Kaa. Ulipokuwa Luteni Usu ulihojiwa na watu wakali zaidi.

Neno moja kuhusu vikosi vyetu, kwa sababu umegusia kwamba ungependa uletwe juu KMKM au JKU, ati kwa kuwa ni Idara Maalum za SMZ na wewe una uzoefu mkubwa zaidi. Uzoefu unao. Lakini huko nako wapo maofisa walioanza chini, waliokesha baharini wakifukuza magendo, na wanangoja zamu yao. Ukishushwa juu yao kutoka nje, kuna mmoja atakayerudi nyumbani jioni hiyo na kumwambia mkewe maneno yale yale uliyomwambia wako. Sisemi ni haramu. Nashangaa tu hukumwona.

Siasa. Ruhusa unayo, umeshavua magwanda. Lakini uliyoyaandika yanaonesha unaitaka siasa kama mlango wa nyuma wa kufikia mkeka. Siasa ya Unguja inataka mtu anayeweza kukaa kwenye mkeka wa msiba mpaka saa sita usiku, atukanwe mkutanoni Jumamosi na Jumapili amsalimie aliyemtukana, na ashindwe kura za maoni kisha ampigie debe aliyemshinda. Wewe harusini tu huendi kwa sababu ya kiti. Iache kwa sasa.

Na hilo la harusi. Nenda. Waliokualika ni watu wa bibi harusi, na mbele wanamkalisha Mkuu wa Wilaya kwa kuwa ni Mkuu wa Wilaya. Akitenguliwa kesho watamkalisha mwengine na yeye atakaa na wewe nyuma. Mfuate umpe mkono. Umpongeze kwa mdomo, maana kwa barua yako nimeona hujafanya hivyo tangu ateuliwe. Mlilala vitanda vya jirani, kaka Meja, naye kwa siku zote hizi anajua kwamba hukumpigia simu. Huenda naye amelisoma hilo kwa namna yake. Usimwombe kitu siku hiyo. Wala usimwambie “unikumbuke”, neno hilo limeharibu urafiki mwingi mjini hapa. Zungumzeni habari za Monduli, baridi yake na mbio zake za alfajiri.

Mkeo nimempenda bila kumwona. Aliposema hujaripoti nyumbani hakuwa anakusimanga. Miaka yote alikusubiri urudi kutoka Bara, kutoka Darfur, kutoka zamu, na sasa umerudi lakini macho yako yapo kwenye simu ukingoja taarifa kutoka Ikulu. Nilitazama kama katika kurasa zote umeandika ana shughuli gani yeye, watoto wako wapi, nyumba ya Kikwajuni ina hali gani. Hakuna. Nina hakika ana mpango alioufikiria siku nyingi na hajakwambia, kwa kuwa kila akianza unamwambia “tungoje kwanza”. Kabla hujaandika barua nyingine kwa mkubwa yeyote, muulize angelikuwa yeye ndiye aliyepokea kile kiinua mgongo angekifanyia nini. Umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Kuhusu hili sina shaka hata kidogo.

Halafu uandike, ndiyo. Swali lako la pili jibu lake ni andika tena, ila si barua ile. Chagua mahali pamoja tu. Kwa kuwa umeniuliza mimi, ningeanza na watu wa maafa. Iwe ukurasa mmoja. Usiguse bodi ya kupandisha vyeo, usimtaje mwenzako, usipongeze mtu. Eleza kazi tatu ulizozifanya kwa mikono yako na idadi zake: uliwahamisha watu wangapi, kwa magari mangapi, kwa siku ngapi, na nini kiliharibika njiani na ulikitengeneza vipi. Kisha sema unachoweza kuwafanyia kabla ya masika yajayo, kwa mfano kuwafundisha masheha wa wilaya moja namna ya kuhesabu na kuhamisha watu maji yakija. Sema kwamba mafunzo ya kwanza utayafanya bila malipo, na uyafanye kweli. Peleka kwa mkono, mwombe karani akugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wakikaa kimya, rudi uulize ilipofika faili. Masjala tunawakumbuka wanaorudi kwa adabu, na faili linaloulizwa hupanda juu ya lundo. Hiyo ni siri ya kazi niliyoiacha na sioni ubaya wa kukupa.

Ninakuonya kwamba kamati za maafa za wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo mafunzo hayo yakikubaliwa, huenda wilaya ya kwanza ikawa ya mwenzako, na siku ya kufungua atakaribishwa yeye kutoa hotuba wakati wewe unasubiri na chaki. Ndiyo maana nilikuuliza lile swali mapema.

Lile la mwisho, la “Meja Mstaafu”. Weka. Cheo hicho hukuokota, na hakuna bodi iliyokunyang’anya. Lakini kiandike chini, baada ya jina, pale unapotia saini. Juu kabisa, mahali ambapo kwenye zile barua zako za zamani ulianza na cheo kwa herufi kubwa, andika namba ya simu inayopatikana, na uhakikishe simu hiyo anaweza kuipokea mkeo ukiwa umekwenda sokoni.